Kuna kitu Mtera kinanikatia mshipi, anaweza kuwa pike?

kijana_wa_nkuhungu

Wakuu habari za jioni, na mbukwenyi kwa wale wa nyumbani.

Mimi mgeni kabisa kwenye mambo ya kuvua naomba msinicheke. Iko hivi, nina shemeji yangu anaishi Ujerumani, mwaka jana alikuja likizo akaniachia fimbo yake ya kuvulia na rili yake (kale kagurudumu ka kuzungushia mshipi) na kaboksi ka plastiki kamejaa visamaki vya bandia na vijiko vya kung'aa, akasema hivi vyote ni vya samaki anaitwa pike. Nikaanza kuangalia video zake usiku. Dah. Samaki mrefu kama gogo, mdomo kama wa bata, katulia kwenye majani utadhani kafa, alafu kadude kakipita mbele yake paaa! Nikawa sina usingizi tena.

Jumamosi iliyopita nikapanda basi la Iringa nikashuka Mtera, pale kwenye bwawa. Nikaenda pembeni kule kwenye miti mikavu iliyosimama majini, nikaingia mpaka magotini hivi, nikarusha kijiko cha rangi ya fedha. Mara ya nne au ya tano kitu kikavuta fimbo ikapinda mpaka nikaogopa itavunjika, nikahesabu kama sekunde tatu, alafu kimya. Kuvuta mshipi, hamna kitu. Hamna samaki hamna kijiko. Nikafunga kingine, hivyo hivyo. Cha tatu nilikiona kabisa, kitu cheupe kinang'aa kimeruka juu ya maji kikatikisa kichwa kama mbuzi aliyekataa kamba, kikarudi chini, mimi nikabaki na mshipi unapepea.

Sasa pale kuna jamaa alikuwa anatengeneza mtumbwi akanambia wazungu waliojenga bwawa waliweka samaki wa kwao, ndo hao. Je ni kweli pike yupo Mtera? Na kama siye, nani ananifanyia hivi, kambare? Nimebaki na vijiko viwili na visamaki vinne tu, shemeji anakuja Desemba na nilishamwambia vitu vyake vipo vyote salama.

konda_mstaafu

Yani mtu umetoka Dom kilomita mia na ushee, umewapita wale wanaouza perege na kambare barabarani wamekaangwa tayari, ukaenda kuwapa samaki vijiko. Hahahaha. Hujawapelekea na uma?

baridi_mifupani

Ngoja nikusaidie la pike maana mimi mtoto wa Mpwapwa lakini nimekaa Finland miaka sita na huyo mdudu namjua kwa kumshika.

Jibu fupi, hayupo. Hayupo Mtera, hayupo Hombolo, hayupo popote Tanzania. Pike ni samaki wa maji baridi, kwao ni Ulaya, Urusi, Canada na Marekani ya kaskazini. Kule Finland wanamwita hauki. Anataga barafu ikishayeyuka tu, kwenye majani ya pembeni yaliyofunikwa na maji ya theluji, na maji yenyewe wakati huo ni nyuzi kama 8 mpaka 12, ukitia mkono unautoa unauma. Maji yakikaribia nyuzi 30 huyo anakufa. Sasa Mtera mwezi wa kumi na moja pale pembeni yale maji ni ya kuogea mtoto, pike angeishije. Afrika wamempeleka Moroko, kule kuna mabwawa ya milimani yana baridi yake, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wa kwanza nilimkamata Januari juu ya barafu. Wenyeji wanasema barafu nzuri ngumu ya sentimita 5 inabeba mtu, mimi hata walipotoboa nikaona inazidi hapo mara sita bado nilikuwa natembea kama nakanyaga mayai. Unatoboa shimo la duara, unashusha kisamaki kwenye ndoano, unaweka kibendera juu kikinyanyuka unakimbia. Kikanyanyuka. Nikavuta kwa mikono, akatoka kichwa kwanza kwenye shimo, kijani ya matope yenye madoa ya njano, macho yametazama juu, ananuka shombo ya utelezi ambayo ilikaa kwenye glavu mpaka Pasaka. Nikafanya kosa la kumtolea ndoano kwa vidole. Meno yake ya juu ni mengi madogo madogo yameelekea kooni, mkono ukiingia unaingia vizuri tu, kutoka ndo kazi. Kovu ninalo kidole cha shahada mpaka leo.

Kwa hiyo anachokikata mshipi wako sio pike, ila ni mtu wa kazi ileile. Na huyo uliyemuona akiruka ameshajitaja. Pike mara nyingi anapigania chini, anajizungusha, anakimbilia majani. Mweupe, anang'aa, anaruka juu anatikisa kichwa? Huyo ni taigafishi.

fundi_simu_kizota

Mkuu usibishe sana. Mzee wangu alikuwa kibarua kule Mtera na alisema Waswidi walikuja na madumu ya vifaranga vya samaki usiku. Pesa ya ule mradi si ilitoka Sweden? Na Sweden si ndo kwenye hao pike? Jiongeze.

baridi_mifupani

Pesa ya Sweden ilikuwemo kweli, pamoja na ya Benki ya Dunia na ya Wajerumani, hilo sibishi. Bwawa limejengwa mwishoni mwa miaka ya 70 na shabaha ya kwanza ilikuwa kutunza maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini, mitambo ya pale pale Mtera ya megawati 80 ikaja baadaye 1988. Lakini kaka, vifaranga vya pike kutoka Sweden mpaka Mtera kwenye dumu? Vingefika supu.

Wakoloni walipotaka samaki wa kwao wa kuchezea walileta trauti, na waliwapeleka wapi? Milimani kwenye mito ya baridi. Hawakuwa wajinga wa kuwamwaga kwenye joto la bonde la Ruaha.

fundi_simu_kizota

Sawa lakini mzee wangu hasemi uongo.

MzeeWaMtumbwi

Vijana hamjambo. Nimevua Mtera tangu watoto wangu wakiwa wadogo, sasa nina wajukuu, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie na simu hii inanikatalia herufi.

Huyo samaki alikuwepo mtoni kabla ya bwawa. Ruaha Mkuu unashuka kwenda Rufiji na kote huko yupo, bwawa limemkuta. Sisi kambini tulimwita samaki meno, wengine wana majina yao, huyu mwenzetu wa barafu anamwita taigafishi, ni huyo huyo. Ubavuni ana mistari myeusi imenyooka kutoka kichwani mpaka mkiani, mapezi ya chini na mkia vina wekundu, na hata akifumba mdomo meno yanaonekana nje yamepishana kama zipu. Kambare hawezi kukukatia mshipi, kambare meno yake ni kama msasa, anakukwaruza tu. Kambare anavuta polepole kama mtu anaburuta gunia, mshipi ukikatika kwa kambare ujue ni fundo lako bovu.

Sasa kijana, ule mshipi uliobaki bado unao? Uangalie ncha. Ikiwa imekatwa safi kama kwa wembe, ni meno. Ikiwa imechakaa chakaa ina manyuzinyuzi kama kamba ya katani iliyosuguliwa, ni kisiki, maana ile miti mikavu unayoiona juu, chini ya maji ipo mingine mingi kuliko hiyo, na nyavu zangu ngapi zimebaki huko Mungu anajua.

Halafu hilo la kuingia mpaka magotini USIRUDIE. Nasema usirudie. Mtera ina mamba na ina viboko. Pale pale unaposema, kwenye visiki, mamba analala kama kisiki kimojawapo. Mwenye mtumbwi alikuacha tu au hakukuona? Ningekuwepo ningekutoa kwa fimbo. Simama juu ya mwamba mkavu, rudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye maji, rusha ukiwa hapo. Samaki anakuja mwenyewe, hana haja ya kukuona miguu.

Zana zako sizijui hizo za Ujerumani ila vijiko nimewaona wageni wakivitumia na vinakamata. Tatizo lako ni moja, huna waya. Mshipi wa nailoni kwa samaki yule ni uzi wa kushonea. Kabla ya kijiko weka waya wa chuma, urefu wa shibiri moja na nusu hivi. Kama mjini hupati, nenda kwa fundi pikipiki muombe waya wa klachi uliokatika, ufumue, uchukue nyuzi mbili tatu nyembamba, usizifunge fundo zitakatika pale pale, sokota uzi wenyewe kwa wenyewe mara saba nane mpaka ukaze. Sisi tumevua hivyo miaka na miaka.

Leseni je? Pita kwa afisa uvuvi uulize, na uulize kama bwawa liko wazi kipindi hicho, usije ukakutana na doria na hako kafimbo kako ukasema hukuambiwa.

kijana_wa_nkuhungu

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hilo la mamba nikatoka nje nikakaa kwanza.

Ncha ninayo, nimeipiga picha na simu nikaivuta kubwa, imekatwa kama kwa wembe kabisa upande mmoja imelala mshazari. Kwa hiyo ni meno. Ila mzee kwenye kaboksi ka shemeji kuna vikaratasi vyembamba vina waya umeviringishwa, mwisho mmoja kuna kishikizo kama pini ya mtoto. Nilidhani ni vya kutundikia samaki. Ndo hivyo vyenyewe au?

baridi_mifupani

HAHAHAHA ndo hivyo vyenyewe bro. Shemeji wako alikupa dawa ukaiweka kabatini ukaenda hospitali. Hizo ni waya za pike, hata kule hakuna mtu mwenye akili anamrushia pike bila hiyo, kwa sababu ile ile.

Na hapo sasa zana zako zinafaa karibu zote, mabadiliko machache tu. Pike mdomo wake una sehemu za nyama, ndoano inaingia hata ukivuta kizembe. Taigafishi mdomo ni mfupa mtupu, ndoano inateleza kama kwenye sahani, akiruka akitikisa anaitema, kumi wakigonga ukipata wawili umshukuru Mungu. Kwa hiyo ndoano zile za makucha matatu zinoe na kipande cha msasa au tupa mpaka ikigusa kucha yako ya kidole inanasa haitelezi. Ukisikia amegonga vuta kwa nguvu, rudia mara ya pili na ya tatu, na akiruka inamisha fimbo uelekeze chini.

Tofauti nyingine, pike anawinda peke yake amejificha sehemu moja, mapezi ya nyuma yamekaa karibu na mkia kama mota ya boti, anachomoka mara moja basi, akikosa anarudi kukaa. Taigafishi wanatembea kikundi wanafukuza visamaki. Kwa hiyo usikae unavizia kisiki kimoja siku nzima kama kwenye video zako. Angalia vidagaa vikiruka juu ya maji au ndege wakishuka, rusha hapo, na vuta haraka, ukivuta polepole anakiangalia tu anakidharau.

Kwa ukubwa msiwafananishe. Pike wa rekodi ya dunia alikuwa kilo 25, alitoka huko huko Ujerumani kwa shemeji yako 1986. Taigafishi wa aina hii yetu rekodi ni kilo 16 na kidogo, ziwa Kariba upande wa Zimbabwe, 2001. Yule jitu wa Kongo na Tanganyika ni ndugu yake mwingine, huyo anapita kilo 40, tusimuingize hapa. Wazungu wanalipa mahela mengi kuja Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, kuvua hawa hawa wanaokukatia wewe vijiko, wanapiga nao picha wanawarudisha majini.

konda_mstaafu

Wanawarudisha majini?? Baada ya nauli ya ndege?

nyamachoma_dom

Swali langu ni moja tu, wanaliwa?

MzeeWaMtumbwi

Analiwa, mtamu, lakini miiba. Mnofu wake ladha kama ya samaki wa baharini ukimkaanga bado mbichi. Ila miiba midogo midogo iko katikati ya nyama haifuati utaratibu wowote, mtoto usimpe. Mke wangu anamkata kata mistari ya karibu karibu ubavuni na kisu kikali, mistari kama ya daftari, anamtia chumvi na ndimu, mafuta yawe ya moto sana, ile miiba inakaangika inakuwa kama chengachenga unatafuna tu. Au anakaushwa kwa moshi. Sokoni bei yake iko chini ya perege kwa ajili hiyo, na si haki.

baridi_mifupani

Mzee umenikumbusha, pike naye hivyo hivyo, ana miiba yenye pacha kama manati imejipanga mgongoni ndani ya nyama. Wafini wengi hawamtaki kwa sababu hiyo. Mama mmoja jirani yangu kule alikuwa anamsaga mara mbili kwenye mashine ya nyama, anachanganya na yai na mkate uliolowekwa na kitunguu anatengeneza katlesi. Nilimpikia nyanya yangu Mpwapwa kwa kambare mtindo huo huo, akasema samaki mzima umemharibu.

fundi_simu_kizota

Nimeongea na mzee wangu leo kwa simu. Anasema yale madumu yalikuwa ya dizeli. Samahanini.

konda_mstaafu

Umeanika ukoo mzima bila sababu.

kijana_wa_nkuhungu

Wakuu nimerudi na mrejesho, nilikwenda jana.

Kwanza leseni nilienda kuuliza nikaelekezwa vizuri tu. Pili mzee niliyeandika naye hapa tulipeana namba kwa faragha akanipokea kituoni, asanteni mno. Tulikuwa juu ya mwamba kabla jua halijatoka, kuna kaukungu kidogo juu ya maji, mzee amekaa nyuma yangu na kijiti chake kila nikisogea mbele ananigonga kisigino. Kwa mbali kuna kiboko anakoroma kama lori linalokataa kuwaka.

Nikafunga waya, ndoano nimezinoa na tupa ya fundi cherehani mpaka zinang'ata. Saa moja hivi upande wa kulia vidagaa vikaanza kuruka kama mtu amemwaga mchele, mzee akasema hapo hapo hapo! Nikarusha kisamaki cha bluu. Sikuzungusha rili hata mara tano. Aisee. Nilivuta mara moja, mara mbili, mara ya tatu ndo akaruka, nikainamisha fimbo kama nilivyoambiwa, akaruka tena, rili inalia, mzee anapiga kelele kuliko mimi.

Akatoka. Mdogo, tumempima kwa shibiri ya mzee shibiri mbili na vidole, lakini yale meno jamani, kile kisamaki cha plastiki kina matundu mpaka maji yanaingia ndani sasa kinazama. Waya umepinda pinda kama mzizi lakini haukukatika. Mistari myeusi nimeihesabu ubavuni na mkia wake mwekundu kama embe dodo lililoiva. Nikasahau kabisa habari za pike.

Sasa tatizo. Wa pili alikuwa mkubwa, huyo sikumuona vizuri ila mgongo wake ulipopita juu mzee aliacha kuongea. Hakukata waya, hakukata mshipi. Kile kipete kidogo kinachoshikilia ndoano kwenye kisamaki, amekinyoosha kikawa kama pini, akaenda na ndoano, kisamaki akaniachia. Shemeji amebakiwa na vijiko viwili na visamaki vitatu vizima na kimoja kinachozama. Hivi vipete vinauzwa wapi hapa Dodoma?

baridi_mifupani

Vya pike ni vyembamba, havikutengenezwa kwa taya lile. Jaribu kwa wauza funguo, zile pete ndogo kabisa za kushikia funguo za kufuli, chagua za chuma kigumu zisizonyooka ukizikamata na koleo. Na shemeji mwambie ukweli tu mapema, mtumie na picha ya meno, nina uhakika atakuja Desemba na kaboksi kengine.

MzeeWaMtumbwi

Pete ninazo, nilizitoa kwenye mkoba wa mjukuu. Jumamosi njoo, ila uje na maji yako ya kunywa, jana umenimalizia galoni.